Lori Linapokataa Kuwaka: Kuifuata Dizeli kutoka Tangini hadi kwenye Nozeli

Mwongozo huu ni kwa madereva, matanboi (utingo) na wenye malori ya dizeli nchini Uganda, hasa wale ambao lori huweza kuwakatalia mahali ambapo fundi wa kuaminika hayuko karibu: kwenye foleni ya Malaba, katika maegesho ya Elegu, au milimani kati ya Kabale na Katuna. Unahusu hali moja tu, yaani lori ambalo stata yake inazungusha injini lakini injini haishiki, na mshukiwa wa kwanza ni mfumo wa mafuta.

Katika hali hiyo, kinachogharimu zaidi ni papara. Mtu wa kwanza kufika hulegeza nati za nozeli (vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda), wa pili hushauri pampu ishushwe, wa tatu huzungusha stata mpaka betri zikafa, na kufikia jioni mfumo mzima umejaa hewa na hakuna anayeweza kusema hitilafu ya asili ilikuwa wapi. Dizeli ina njia moja ya kupita, na njia hiyo hupimwa kwa mpangilio, kuanzia mahali ambapo kupima hakugharimu chochote. Kiungo chochote kisifunguliwe kabla ya jaribio kuonyesha kwamba hitilafu iko upande wake. Pampu ya presha na nozeli, ambazo ndizo ghali kuliko vyote, huja mwisho, na mara nyingi hakuna haja ya kuzifikia.

Njia ya dizeli

Katika malori mengi dizeli hunyonywa kutoka tangini kupitia bomba lenye wavu mdogo wa kuzuia takataka, hupita katika paipu ndefu kando ya chesisi hadi kwenye filta ya kwanza, ambayo pia hutenganisha maji, kisha huvutwa na pampu ndogo na kusukumwa kupitia filta ya pili hadi kwenye pampu kubwa ya presha. Kutoka hapo huenda kwenye nozeli, na ile inayobaki hurudi tangini kwa paipu ya marejeo. Katika baadhi ya injini za komoni reli (ambamo pampu hujaza paipu moja ya presha kubwa, yaani reli, inayolisha nozeli zote kwa amri ya kompyuta), pampu ndogo imejengwa ndani ya pampu kubwa, kwa hiyo filta zote hukaa upande wa kunyonya.

Mpaka wa muhimu ni pampu ndogo. Baada yake mafuta yanasukumwa, na paipu ikiwa na ufa utaona dizeli ikidondoka. Kabla yake mafuta yananyonywa, na paipu ikiwa na ufa haitadondosha kitu. Itaingiza hewa kimyakimya. Ndiyo maana dereva anaweza kuapa kwamba hakuna uvujaji wowote, akawa anasema kweli, na bado lori likawa linakataa kuwaka kwa sababu ya mpira uliopasuka upana wa unywele.

Maandalizi

Egesha lori mahali tambarare ikiwezekana, weka gia huru, vuta breki ya mkono na tia mawe au kabari kwenye magurudumu. Kama kabini inainuliwa, hakikisha komeo lake limeshika kabla mtu hajaingiza kichwa chini yake. Usivute sigara, na angalia majirani: katika vituo kama Namawojjolo na Lukaya, majiko ya kuchomea kuku huwa hatua chache tu kutoka malori yanapoegeshwa.

Vifaa si vingi. Unahitaji spana za kawaida, kitambaa safi kisichotoa nyuzi, chupa mbili za plastiki zisizo na rangi, mpira laini unaoonyesha kilichomo ndani wenye urefu wa mita moja hivi, mita ya umeme au taa ya majaribio, na jerikeni safi yenye lita tano za dizeli unayoijua ilikotoka. Hiyo jerikeni ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote, kama itakavyoonekana baadaye.

Hatua ya kwanza: Je, injini inazungushwa kwa kasi ya kutosha?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa na joto la kuwasha dizeli inayopulizwa na nozeli, na joto hilo halipatikani kama stata inazungusha injini kwa uvivu. Kwa hiyo betri huchunguzwa kwanza, hata kama kila mtu pembeni anasema tatizo ni mafuta.

Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Zikiwa zimetulia, mita inapaswa kuonyesha takriban volti 25 au zaidi. Stata inapozungusha, zisishuke chini ya volti 19 hivi. Zikishuka zaidi, safisha vichwa vya betri, kaza nyaya, kagua waya wa chesisi, na chaji betri kabla ya kuendelea. Kila jaribio la stata lisizidi sekunde 15, na baada yake stata ipumzishwe dakika moja au zaidi. Stata iliyoungua itakuletea shida ya pili juu ya ile uliyokuwa nayo.

Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni baridi kweli. Lori linalowaka bila shida Kampala na kukataa huko alfajiri huenda halina tatizo la mafuta hata kidogo: angalia kwanza plagi za kupasha joto au hita ya mlango wa hewa, kulingana na aina ya injini.

Hatua ya pili: Moshi na historia

Dereva azungushe stata, na mtu mwingine asimame pembeni akitazama ekzosi. Hakuna jaribio la haraka kuliko hili.

Kama hautoki moshi wowote, dizeli haifiki ndani ya silinda, na hapo mwongozo huu wote unakuhusu. Kama unatoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayaungui. Washukiwa sasa ni baridi, maji ndani ya mafuta, mafuta mabaya, kompresheni (mbano wa hewa silindani) dhaifu, au taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) iliyohama. Kama injini inashika kwa sekunde chache kisha inazimika, fikiria hewa au kuziba: mafuta yaliyokuwa karibu na pampu yametumika na mengine hayaji.

Kisha uliza maswali, na usikubali jibu la mkato. Lori lililopoteza nguvu polepole likipanda mlima, likawa linapona kidogo baada ya kupumzika, kisha likazimika kabisa, mara nyingi lina filta iliyoziba, wavu wa tangi uliofunikwa na takataka, au tundu la hewa la tangi lililofungwa. Lililozimika ghafla, kama vile mtu amezima swichi, lielekeze fikra zako kwenye umeme. Lililolala salama na kukataa asubuhi, lakini likawaka baada ya kupampu kwa mkono, linaruhusu dizeli irudi tangini usiku, ama kwa sababu hewa inaingia mahali fulani, ama kwa sababu vali ndogo ya kuzuia kurudi haifungi. Lililokataa muda mfupi baada ya kujaza mafuta linajieleza lenyewe. Na lililokataa baada ya kubadilishiwa filta lirudishiwe aliyebadilisha filta, kwa heshima lakini bila kusita. Dakika tano za maswali kama haya huokoa nusu siku ya kufungua vyuma.

Hatua ya tatu: Tangi

Usiamini geji. Pima kwa kijiti safi kilichonyooka, kwa sababu geji huweza kukwama, na kwa sababu mafuta hunyonywa usiku katika maegesho na asubuhi hakuna anayejua chochote. Angalia pia kama viungo vya paipu kwenye tangi vina alama mpya za spana au vumbi lililofutika: anayeiba kwa kufungua paipu mara nyingi hairudishi kama ilivyokuwa, na hewa huingilia hapohapo.

Kumbuka kwamba bomba la kunyonyea haligusi sakafu ya tangi, kwa hiyo lita kadhaa za chini hazifikiki. Lori lenye mafuta kidogo lililoegeshwa kwenye mteremko linaweza kuwa na dizeli upande mmoja wa tangi na bomba likiwa hewani upande mwingine. Kwenye vilima vya Kigezi, eneo la Kabale, hali hii hutokea bila hitilafu yoyote ya chombo. Ongeza lita 20 au usogeze lori mahali tambarare, toa hewa, na ujaribu tena.

Fungua kifuniko cha tangi polepole ukisikiliza. Ukisikia tangi likivuta pumzi, tundu la hewa limeziba, na pampu imekuwa ikinyonya dhidi ya tangi lililofungwa. Safisha tundu hilo. Usitatue shida kwa kuacha kifuniko wazi, kwa maana vumbi la barabara za murram litaingia tangini. Kama lori lina matangi mawili au bilula za kufunga mafuta, hakikisha zote zimefunguliwa.

Hatua ya nne: Kizimio cha injini

Hapa watu hupita haraka, na si haki. Injini za zamani huzimwa kwa kukata mafuta kwenye pampu, ama kwa waya unaovutwa, ama kwa mota ndogo kama katika baadhi ya malori ya Kijapani, ama kwa solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayofungua na kufunga mafuta. Kizimio kikikwama katika hali ya kuzima, pampu nzima inaweza kuwa na afya kamili na bado isitoe hata tone.

Kama kuna wenzo wa kuzimia kwenye pampu, tazama umesimama upande gani, usukume kwa mkono upande wa kuwasha, kisha jaribu stata. Kama kuna solenoidi, mtu awashe swichi bila kupiga stata huku mwingine akisikiliza karibu na pampu: mlio mfupi wa kugonga unapaswa kusikika. Usiposikika, weka taa ya majaribio kwenye waya wake. Umeme ukiwepo na solenoidi haigongi, solenoidi imekufa. Umeme usipokuwepo, rudi nyuma kwenye fyuzi, rilei na swichi. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana kulinganisha na gharama ya kushusha pampu.

Hatua ya tano: Maji na mafuta mabaya

Fungua skrubu ya chini ya filta inayotenganisha maji na ukinge kwenye chupa isiyo na rangi. Iache itulie dakika kumi. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ikiwa na uzito wa takriban kilo 0.84, kwa hiyo maji yatakaa chini na mstari wa mpaka utaonekana wazi. Matone machache ni ya kawaida, hasa wakati wa mvua. Ukipata nusu chupa, usijidanganye kwamba kilichobaki tangini ni safi: ondoa mafuta ya chini ya tangi pia, asubuhi, kabla lori halijatikiswa. Dizeli yenye rangi ya maziwa ina maji yaliyochanganyika nayo na haitatengana upesi. Utando mweusi unaonata ni viumbe wadogo wanaostawi pale maji na dizeli yanapokutana, na ukiuona, tangi linahitaji kusafishwa lote, kwani filta mpya itaziba tena baada ya muda mfupi.

Mafuta yaliyochanganywa ni shida ngumu zaidi kuitambua. Petroli hujulikana kwa harufu. Mafuta ya taa hayajulikani kwa urahisi kwa macho wala kwa pua yakiwa yamechanganywa kwa kiasi, na ubaya wake hauonekani siku hiyohiyo: hupunguza ulainishaji, na pampu ya presha hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Nchini Uganda, Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, pamoja na Wizara ya Nishati huendesha mpango wa kutia alama kwenye mafuta ili yaliyochanganywa au kuingizwa kimagendo yagundulike kwa kupimwa. Kwa dereva, maana yake ni kwamba mafuta ya kituo yanaweza kuchunguzwa na kudaiwa, ilhali ya jerikeni ya kando ya barabara hayana mwenyewe. Tunza risiti, na weka sampuli ya lita moja kwenye chupa iliyofungwa vizuri kabla hujamwaga mengine. Kumwaga nako kufanyike ndani ya chombo. Barabara nyingi hapa hupita kando ya mabwawa ambayo watu huchota maji.

Hatua ya sita: Pampu ya mkono

Pampu ya mkono, iwe juu ya filta au ubavuni mwa pampu kubwa, huongea na anayejua kuisikiliza. Ipampu polepole. Ikianza laini kisha ikawa ngumu, mfumo wa presha ndogo umejaa na hakuna kilichoziba upande wa kunyonya. Ikibaki laini hata baada ya kupampu muda mrefu, ama inavuta hewa, ama tangi halina kitu, ama vali zake ndogo zimeshikwa na takataka. Ukiivuta ikakataa kupanda, au ikarudi yenyewe kama inayovutwa kutoka chini, kuna kuziba kati yake na tangi.

Sasa legeza skrubu ya kutoa hewa juu ya filta, zungushia kitambaa, na upampu. Mapovu yatatoka, kisha dizeli safi isiyo na povu. Kaza skrubu dizeli ikiwa bado inatoka. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa kama ipo. Kisha piga stata. Injini ikiwaka na kuendelea, ulikuwa na hewa, na swali linalobaki ni ilikoingilia. Mapovu yasipokoma hata kidogo, jibu la swali hilo liko upande wa kunyonya, na hatua inayofuata italipata.

Hatua ya saba: Jaribio la jerikeni

Jaribio hili hukata mfumo vipande viwili, na kila fundi anayeheshimu kazi yake huligeukia kabla ya kugusa pampu. Fungua paipu ya kunyonyea pale inapoingia kwenye pampu ndogo, uzibe mdomo wa paipu iliyobaki kwa kitambaa safi, na badala yake unganisha ule mpira unaoonyesha ndani, mwisho wake ukiwa umezama katika jerikeni ya dizeli safi. Jerikeni ikae imara usawa wa pampu au juu kidogo, mbali na ekzosi na nyaya za betri. Ikiwezekana, ielekeze paipu ya marejeo ndani ya jerikeni hiyohiyo. Pampu kwa mkono mpaka mpira ujae bila povu, kisha jaribu kuwasha. Pale ambapo pampu ndogo imo ndani ya pampu kubwa, unganisha mpira kwenye mlango wa kuingilia wa filta, na kumbuka kwamba filta hiyo bado imo ndani ya jaribio.

Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma dakika kumi, pampu ndogo, pampu kubwa na nozeli zote zimeachiwa huru. Hitilafu iko tangini, kwenye paipu au kwenye filta ya kwanza. Rudisha vipande kimoja kimoja: kwanza unganisha jerikeni kabla ya filta ya kwanza, ikiwa injini inazimika sasa na haikuzimika mwanzo, filta hiyo au kichwa chake ndicho mkosaji. Ikiendelea vizuri, sogea nyuma tena kuelekea tangini.

Ukitafuta mahali hewa inapoingia, tazama mpira unaoonyesha huku injini ikizunguka: mapovu yanayopita ni ushahidi tosha. Kagua klipu zilizolegea, mipira iliyokauka na kupasuka pale inapopinda, washa (pete) za shaba zilizotumiwa mara ya pili, na mpira wa filta uliokaa vibaya. Ufa usioonekana unaweza kulazimishwa kujionyesha: ziba upande wa pampu, puliza ndani ya paipu kwa pumzi ya mdomo tu kupitia mpira safi usio na mafuta, na pale palipokuwa panaingiza hewa patatoa unyevu wa dizeli. Hewa ya kompresa ya tairi isitumike kwenye tangi, kwani inaweza kulipasua.

Injini isipowaka hata kwa jerikeni, tangi na paipu zimeachiwa huru, na unasonga mbele.

Jerikeni ni ya kupimia, si ya kusafiria. Wapo wanaoifunga ndani ya kabini na kuendesha hivyo hadi Kampala. Mpira ukichomoka, dizeli humwagikia injini yenye moto, na kabini huungua na aliyemo.

Hatua ya nane: Filta na pampu ndogo

Filta zikishukiwa, badilisha zote pamoja. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania kichwani, maana mipira miwili ikikaa pamoja itavuja au kuvuta hewa. Kwa injini za komoni reli usijaze filta mpya kwa kumimina dizeli kutoka kwenye jerikeni, kwa sababu chembe ambazo macho hayaoni zitapita moja kwa moja hadi kwenye pampu. Ijaze kwa pampu ya mkono. Filta bandia zenye karatasi dhaifu zipo sokoni, na nafuu yake ya bei hulipwa na nozeli.

Kupima pampu ndogo ni rahisi. Fungua paipu inayotoka kwake, kinga chupa, piga stata kwa sekunde chache. Dizeli inapaswa kutoka kwa nguvu, kwa mapigo au kwa mfululizo, kulingana na aina. Ikitiririka kwa unyonge, fungua vali zake, zisafishe na dizeli safi, na ujaribu tena kabla ya kununua mpya.

Hatua ya tisa: Upande wa presha

Hapa lazima kwanza ujue injini yako ni ya aina gani, kwa sababu kinachofaa kwa moja kinaweza kumwua mtu kwa nyingine.

Kwa pampu ya zamani isiyotumia kompyuta, legeza nati ya paipu kwenye nozeli moja kwa nusu mzunguko, funika kwa kitambaa, weka uso mbali, na mtu apige stata. Dizeli ikibubujika kwa mapigo, kaza na uende nozeli inayofuata. Zikishatoka zote bila povu, injini mara nyingi hushika kabla hujamaliza kukaza ya mwisho. Isipotoka kokote, na umeshathibitisha kwamba kizimio kiko wazi na mafuta yanafika kwenye pampu, hapo ndipo pampu inaposhtakiwa kwa haki. Ikitoka kote na injini bado inakataa huku ikitoa moshi mweupe, tazama nozeli, kompresheni na taimingi.

Kwa injini ya komoni reli usilegeze nati yoyote ya upande wa presha. Injini ikinguruma, presha humo huweza kupita baa 1,600, na mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi kama sindano. Tundu lake huwa dogo na halitoi maumivu makubwa mwanzoni, lakini mkono unaweza kupotea. Aliyepenywa apelekwe saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye uwezo wa upasuaji, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni dizeli ya presha kubwa.

Badala ya spana, tumia macho na mashine ya kusomea kompyuta. Tazama kipima mizunguko unapopiga stata: mshale usipoinuka hata kidogo, huenda sensa ya kranki (kihisi cha mzunguko wa injini) haitoi habari, na kompyuta haitaruhusu mafuta hata kama mfumo mzima ni mzima. Kagua fyuzi za kompyuta ya injini na taa ya ufunguo wa usalama (wa kuzuia wizi). Kisha soma presha ya reli wakati wa kupiga stata. Katika injini nyingi kompyuta husubiri ifike angalau baa 200 hivi kabla ya kufungua nozeli. Presha ikiwa chini na upande wa kunyonya ni salama, fungua mipira ya marejeo ya nozeli, ambayo haina presha kubwa, ielekeze kila mmoja kwenye chupa yake na upige stata. Nozeli inayojaza chupa kupita wenzake ndiyo inayopoteza presha. Zikiwa sawa zote na chache, washukiwa waliobaki ni vali za reli na pampu yenyewe.

Dawa ya kuwashia injini inayopulizwa kwenye mlango wa hewa, au kitambaa chenye petroli, isitumike kwenye injini yenye plagi za joto au hita. Inaweza kulipuka na kuvunja pistoni. Kuvuta lori nako hakusaidii kitu kama dizeli haifiki kwenye silinda.

Pampu ikibidi kushushwa

Warsha zenye mashine ya kupimia pampu na nozeli zinapatikana Kampala, na madereva wengi huanzia kuulizia Ndeeba, Katwe au pande za soko la Kisekka. Kabla pampu haijashuka, chora alama ya mahali ilipokaa na ya taimingi, ziba kila tundu kwa kifuniko au plastiki safi, na uandike matokeo ya kila jaribio ulilofanya, ili fundi asianze upya kwa gharama yako. Omba kuona vipimo kabla na baada ya matengenezo, na uchukue vipuri vilivyotolewa.

Baada ya kurudisha kila kitu na kutoa hewa, acha injini ingurume dakika 15 huku ukipapasa viungo vya presha ndogo kwa kitambaa kikavu. Kisha izime, iache ilale usiku kucha, na asubuhi uiwashe bila kugusa pampu ya mkono. Ikishika mara moja, pakia mzigo. Ikihitaji kupampiwa, bado kuna mahali inavuta hewa, nawe urudi kwenye hatua ya saba kabla ya kutoka nje ya mji.